Kumwinua Mzee Bila Kumbeba: Tiba ya Utengamao na Wajibu wa Nyumba Zetu

Katika hadithi aliyoisimulia Usama bin Sharik (R.A.), na wakaipokea Abu Daud na Tirmidhi, mabedui walimjia Mtume (S.A.W.) wakamuuliza iwapo wajitibu wanapopatwa na maradhi. Mtume akawaamrisha wajitibu, akawafahamisha kuwa Mwenyezi Mungu hakuteremsha ugonjwa ila ameuwekea na dawa yake, isipokuwa ugonjwa mmoja tu. Walipouliza ni upi huo, akawajibu kuwa ni uzee.

Wako miongoni mwetu walioyachukua maneno hayo kuwa ruhusa ya kukata tamaa. Mzee akipooza upande mmoja, akivunjika nyonga, au akianza kuyumba anapokwenda msalani, husemwa kwamba huo ndio utu uzima. Hutandikiwa kitanda katika chumba cha ndani, akaletewa chakula na maji, na nyumba nzima ikaingia katika hali ya kungoja. Sisi twaona hadithi hiyo inafundisha kinyume cha hayo. Kwanza, ndani yake mna amri ya kujitibu. Pili, kilichotajwa kuwa hakina dawa ni uzee wenyewe. Kiharusi si uzee. Nyonga iliyovunjika si uzee. Misuli iliyonyauka kwa sababu ya kulazwa miezi mitatu bila kusogezwa, hiyo nayo si uzee. Hayo ni maradhi na madhara yake, na yana njia zake za kukabiliwa.

Miongoni mwa njia hizo ipo moja ambayo familia nyingi za Pwani huijua kwa jina tu, au huijua ikiwa imechelewa. Wataalamu huiita tiba ya utengamao, yaani tiba ya kumrejeshea mtu uwezo wake. Juma hili tumeona ni vyema tuizungumze kwa mapana, kwa kuwa hakuna nyumba isiyo na mzee, na asiye na mzee leo, inshaallah, atakuwa mzee kesho.

Swali la tatu

Daktari anapomwona mgonjwa huuliza maswali mawili makubwa: ni ugonjwa gani huu, na utatibiwaje? Tiba ya utengamao huongeza la tatu: mtu huyu anaweza kufanya nini sasa, na angependa kuweza kufanya nini? Maradhi mawili yanayofanana huweza kuwa na majibu tofauti. Mvuvi wa zamani aliyepatwa na kiharusi huenda akatamani kuushika tena mkono wa jirani yake barazani bila ya kutetemeka. Bibi aliyevunjika nyonga huenda hataki zaidi ya kutawadha mwenyewe na kuswali bila kushikwa. Matakwa hayo ndiyo huwa shabaha ya matibabu.

Kazi hiyo haifanywi na mtu mmoja. Yupo mtaalamu wa tiba ya viungo, ambaye hushughulika na nguvu, mizani ya mwili na kutembea. Yupo mtaalamu wa tiba ya shughuli, ambaye humfundisha mtu upya kuvaa, kuoga, kula na kupika kwa mkono uliobaki na nguvu. Yupo mtaalamu wa usemi, ambaye pia huchunguza kumeza. Yupo mtengenezaji wa viungo bandia na vyuma vya kutegemeza mguu. Wapo wauguzi na madaktari. Na yupo mtu wa nyumbani, ambaye mara nyingi hahesabiwi, ilhali mtaalamu huonana na mgonjwa kwa nusu saa na saa zote zilizobaki za siku ni zake yeye.

Fikra ya kwamba mzee hahitaji dawa peke yake si ngeni kwetu. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, alitenga sehemu ya kitabu cha kwanza cha Al-Qanun fi al-Tibb kwa ajili ya uangalizi wa wazee, akazungumzia chakula chao, kukandwa kwao, na mazoezi yanayomfaa kila mmoja kwa kadiri ya hali ya mwili wake.

Kutoka kwa askari hadi kwa wazee

Hata hivyo, tiba ya utengamao kama inavyojulikana katika hospitali za leo haikuanzishwa kwa ajili ya wazee. Ilikua kwa sababu ya vita. Vita vikuu viwili vya karne iliyopita vilirudisha makwao vijana wengi waliokatika viungo au kuvunjika uti wa mgongo. Mwaka 1944, katika hospitali ya Stoke Mandeville nchini Uingereza, Dk. Ludwig Guttmann alianza kuwatibu askari waliopooza, watu ambao kabla ya hapo walionekana hawana maisha ya kurejea. Mwaka 1948 aliandaa mashindano ya kulenga mishale kwa watu walio katika viti vya magurudumu, na kutokana na mbegu hiyo ikamea michezo ya Paralimpiki. Lengo la zama hizo lilikuwa wazi: kijana arudi kazini.

Hapa Kenya nako, huduma hizi zilianza kwa kuwalenga wenye ulemavu, hasa watoto na vijana waliodhuriwa na polio. Chama cha watu wenye ulemavu wa viungo, APDK, kilianzishwa mwaka 1958, na karakana za Bombolulu hapa Mombasa, ambazo wengi wetu twazijua kwa mapambo, nguo na bidhaa za ngozi, zilianza mwaka 1969. Hapa pia shabaha ilikuwa kijana apate ufundi na riziki ya halali.

Lakini kabla ya Vita vya Pili vya Dunia kumalizika, alikuwako daktari mmoja aliyeona jambo ambalo wenzake hawakuliona. Mwaka 1935, Dk. Marjory Warren wa hospitali ya West Middlesex, karibu na London, alikabidhiwa wagonjwa 714 waliokuwa katika nyumba ya maskini iliyopakana na hospitali hiyo. Wengi wao walikuwa wazee waliolazwa miaka na miaka, wakihesabiwa kuwa hawaponi. Yeye aliwapima mmoja mmoja. Akagundua kuwa baadhi yao hawakuwa na maradhi ya kuwaweka kitandani. Walikuwa wamelazwa, na kulazwa huko ndiko kulikowalemaza. Akabadilisha mpangilio wa wodi, akaingiza mwangaza, vishikizo vya ukutani na viti vinavyofaa, akawaamuru watolewe kitandani na wafanyishwe mazoezi. Wengi wakasimama, na wako waliorejea makwao. Huyo ndiye ambaye waganga wa wazee humtaja kuwa mama wa fani yao.

Tangu hapo shabaha ya tiba hii imekuwa ikihama. Mgonjwa wake mkubwa wa leo ni mzee mwenye kiharusi, kisukari, baridi yabisi ya magoti au mifupa iliyolegea, ambaye huenda asirudi kazini kamwe, lakini anataka kuishi nyumbani kwake bila ya kuwa mzigo mwilini mwa watu. Wala mara nyingi hana ugonjwa mmoja. Anayo presha, anayo sukari, macho yamefifia na goti linauma, yote kwa pamoja.

Hesabu zinazotuhusu

Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu Wakenya milioni 47.6, na kati yao takriban milioni 2.7 walikuwa na umri wa miaka 60 au zaidi. Kwa sehemu ya mia, hao ni wachache, na nchi yetu bado ni ya vijana. Lakini milioni 2.7 ni umati mkubwa kuwatafutia wataalamu. Shirika la Afya Duniani, WHO, lakadiria kuwa watu wa umri huo duniani walikuwa bilioni 1 mwaka 2020 na watafika bilioni 2.1 mwaka 2050, na kwamba wanane katika kila kumi watakuwa wanaishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati, yaani nchi kama yetu.

Utafiti uliochapishwa katika jarida la tiba la The Lancet mwezi Desemba 2020 ulikadiria kuwa watu bilioni 2.4, sawa na mmoja katika kila watatu duniani, wana hali ambayo ingenufaika na utengamao. WHO yasema kuwa katika baadhi ya nchi za kipato cha chini na cha kati, zaidi ya nusu ya wanaouhitaji hawaupati. Mwezi Mei 2023, Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio la kuzitaka nchi ziuingize utengamao katika mifumo yao ya afya, kuanzia zahanati hadi hospitali kuu, badala ya kuuacha kama nyongeza ya wenye uwezo.

Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 57, imetaja haki za wazee: kushiriki katika mambo ya jamii, kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa, na kupata uangalizi na msaada wa kadiri kutoka kwa familia zao na kwa Serikali. Tuzingatie kuwa wametajwa wawili. Serikali haiwezi kuitupia familia mzigo wote, na familia nayo haiwezi kunyoosha kidole kwa Serikali ilhali mzee amelala na jasho la juzi.

Kitanda nacho kina madhara

Jambo la kwanza ambalo kila nyumba yapasa kulijua ni hili: kupumzika kupita kiasi ni hatari kwa mzee. Mwaka 2007 lilichapishwa jaribio lililofanywa Marekani kwa wazee wenye afya nzuri, waliokubali kukaa kitandani siku 10. Katika siku hizo chache walipoteza karibu kilo nzima ya misuli ya miguu. Hao hawakuwa wagonjwa. Basi fikiri hali ya mgonjwa aliyelazwa kwa homa ya mapafu majuma mawili, kisha akaletwa nyumbani akaambiwa alale mpaka apate nguvu. Nguvu haziji kitandani. Humo ndimo zinamopotelea.

Kulala sana huleta na mengine: vidonda vya malazi mgongoni na visiginoni, damu kuganda miguuni, kifua kujaa, choo kufunga, viungo kukakamaa, na moyo kuvunjika.

Habari njema ni kwamba misuli ya mzee haikuacha kuitikia. Mwaka 1990, watafiti wa Boston waliwafanyisha mazoezi ya kuinua uzito wakazi 10 wa nyumba ya wazee, ambao wastani wa umri wao ulikuwa miaka 90. Baada ya majuma 8, nguvu za miguu yao zilikuwa zimeongezeka zaidi ya maradufu. Hatusemi kila babu apewe vyuma anyanyue. Twasema kuwa umri pekee si sababu ya kuacha kujaribu.

Huruma inayodhoofisha

Hapa ndipo tunapogusa jambo zito katika desturi zetu. Mwenyezi Mungu ametuamrisha wema kwa wazazi, akaukutanisha wema huo na ibada yake, na akatukataza hata kuwatolea sauti ya kuchoka nao. Kwa kuchunga amri hiyo, watoto wema wa Pwani hujitahidi mzazi wao asiguse kitu. Mama akitaka kufunga kifungo cha buibui, binti humwahi. Baba akitaka kuinuka kitini, vijana wawili humshika kwapani wakamsimamisha. Kijiko hutiwa mdomoni ilhali mkono wa kulia ungali mzima. Na jirani akipita akamwona mama yule anahangaika dakika tano na kanda zake, atakwenda kusema kuwa watoto wamemtupa mama yao.

Sisi twasema, kwa heshima, kuwa wema wa namna hiyo huweza kumdhuru yule yule tunayemtendea. Kila kazi anayofanyiwa mzee aliyekuwa anaiweza ni zoezi aliloporwa. Baada ya miezi michache haiwezi tena, na hapo msaada uliokuwa wa hiari umekuwa wa lazima. Isitoshe, kuna jambo la moyo: mtu aliyekuwa akiendesha nyumba, akaozesha na kuzika, hupoteza heshima yake machoni pake mwenyewe anapoona hana hata kazi ya kukaza kifungo.

Wema ulio bora ni kumpa muda. Mwache ajaribu, ukae karibu, usaidie pale tu alipokwama, kisha umwachie amalizie. Mkabidhi kazi aiwezayo ameketi: kuchambua mchele, kumenya vitunguu saumu, kukunja nguo, kumsikilizia mjukuu juzuu yake. Tunao mfano mtukufu kuliko yote. Katika maradhi yake ya mwisho, kama alivyosimulia Bi Aisha (R.A.) katika Sahihi Bukhari, Mtume (S.A.W.) alipohisi nafuu kidogo alitoka kwenda kuswali akiegemezwa na watu wawili, miguu yake ikiburura ardhini. Hawakumzuia kutoka. Walimpa mabega yao.

Baada ya kiharusi

Maradhi yanayolaza wazee wengi ghafla ni kiharusi, na presha isiyotibiwa ndiyo sababu yake kubwa. Uso ukipinda, mkono ukilegea, maneno yakivurugika, mgonjwa apelekwe hospitali saa ile ile. Wako wanaosema kuwa amekumbwa na upepo, wakaanza kutafuta wa kumpunga. Dua na kisomo ni haki ya mgonjwa na ni faraja ya nyumba, lakini havikatazi gari la hospitali. Visomwe humo humo njiani.

Hali yake ikishatulia na daktari akaruhusu, utengamao uanze pale pale wodini, usingoje kurudi nyumbani. Maendeleo makubwa kwa kawaida hupatikana katika miezi mitatu hadi sita ya mwanzo, ingawa mtu huweza kuendelea kufaidika hata baada ya hapo. Kwa hivyo mwezi unaopotea mwanzoni una thamani kuliko mwezi wa mwaka wa pili. Kabla ya kutoka hospitali, familia iulize mambo haya: mazoezi gani afanyiwe na mara ngapi kwa siku, tumwinueje bila kumuumiza wala kujiumiza, na miadi ya kurudi ni lini. Mwombeni mtaalamu awafundishe kwa vitendo, wala msiridhike na maelezo ya mdomo.

Yapo matatu ya kutahadhari. La kwanza ni bega. Mkono uliopooza ni mzito na bega lake limelegea, basi asivutwe mkono huo anapoinuliwa, kwani kiungo huweza kuteguka na kumwachia maumivu ya muda mrefu. La pili ni kukanda. Kukandwa taratibu kwa mafuta ya nazi kunaburudisha, na hatuna ugomvi na wakandaji wetu. Lakini kukanda pekee hakurudishi mwendo, kwa kuwa ubongo hujifunza upya kwa mgonjwa mwenyewe kujaribu kutenda. Na mguu uliovimba, wenye joto na maumivu, usikandwe kabisa mpaka daktari auangalie, kwani huenda damu imeganda ndani. La tatu ni kumeza. Kiharusi huweza kuharibu umezaji, na kinachoelekea mapafuni huleta homa kali. Mgonjwa akohoapo kila anapokunywa, au sauti yake ikawa ya majimaji baada ya kula, daktari aambiwe. Asilishwe wala kunyweshwa akiwa amelala, hata yakiwa maji ya Zamzam. Akae wima kwanza.

Swala na viungo

Waumini wengi huogopa kumwambia mtaalamu kuwa haja yao kubwa ni kuswali, wakidhani si jambo la hospitali. Ni jambo la hospitali hasa. Kuketi na kusimama, kuinama, kupiga magoti na kugeuza shingo ni mienendo ile ile inayofanyiwa kazi katika chumba cha tiba ya viungo. Mtaalamu akijua kuwa mgonjwa ataka kurudi katika swala, ana shabaha ya kumpangia hatua kwa hatua.

Na sheria yetu ni nyepesi. Imran bin Husayn (R.A.), alipokuwa mgonjwa, aliambiwa na Mtume aswali kwa kusimama, akishindwa aketi, akishindwa alale ubavu. Basi aliyewekewa nyonga ya bandia na akakatazwa kuinama sana asijilazimishe kusujudu chini. Akalie kiti na aashirie, na amuulize daktari wake ni lini aweza zaidi ya hapo. Kwa upande mwingine, anayeweza kusimama kwa kushika ukuta asikimbilie kiti kwa uvivu wa wanaomwangalia. Katika udhu vilevile, ashindwaye maji kwa sababu ya madhara ana tayamamu. Maswali ya mtu mmoja mmoja apelekewe shekhe anayejua hali yake.

Suala la sitara nalo liwekwe wazi. Ni haki ya mama kuomba ahudumiwe na mtaalamu wa kike, na familia iulize mapema. Asipopatikana, wanazuoni wameitambua haja ya tiba kwa mipaka yake, yaani kufunuliwa kile tu kinachohitajika, na mtu wa familia awepo. Mama asiachwe akakamae viungo kwa sababu ya aibu ambayo ina ufumbuzi.

Walivyofanya Wajapani

Nchi iliyotangulia mbali katika njia hii ni Japani, ambako watu wenye umri wa miaka 65 na zaidi ni takriban 29 katika kila mia. Mwezi Aprili 2000 nchi hiyo ilianzisha bima ya lazima ya uangalizi wa wazee, na mwaka huo huo ikaanzisha wodi maalumu za kurejesha uwezo, ambamo mgonjwa wa kiharusi huweza kupata mazoezi ya hadi saa tatu kwa siku. Bima ile hugharimia pia marekebisho ya nyumba, hadi kiwango cha yeni 200,000: kuweka vishikizo, kuondoa vizingiti, na kubadilisha choo cha kuchuchumaa kiwe cha kukalia.

Kisha wakagundua kuwa hospitali hazitoshi. Tangu mwaka 2006 bima hiyo imekaza mkazo katika kuzuia udhaifu kabla haujaja. Katika mji wa Kochi, tangu mwaka 2002, wazee wamekuwa wakikutana mtaani mwao, wakiketi vitini na kuinua mikono na miguu iliyofungwa vijiuzito vidogo, polepole, huku wakizungumza. Mpango huo ukaenea miji mingine.

Sisi hatuna fedha za Japani. Lakini kuketi pamoja na kuzungumza ndiyo desturi ambayo Pwani haihitaji kufundishwa. Tuna baraza. Baraza ya alasiri yaweza kuwa na robo saa ya kuinuka na kuketi, kunyoosha magoti na kuinua chupa ndogo za maji, na isiharibu hata tone la kahawa.

Nyumba zetu na misikiti yetu

Mwili wa mzee hukutana na nyumba, na mara nyingi nyumba ndiyo inayomshinda. Nyumba za mawe za Lamu na za Mji wa Kale zina ngazi zilizosimama wima na vizingiti virefu. Vyoo vingi ni vya kuchuchumaa, na sakafu zake huwa majimaji. Marekebisho ya fedha kidogo huokoa nyonga: kamba au bomba la kushika kando ya ngazi, kiti kilichotobolewa juu ya choo, taa inayowaka usiku njiani kuelekea msalani, mkeka unaoteleza kuondolewa, ndala za kamba zilizolegea kubadilishwa kwa viatu vinavyoshika, na kitanda cha mzee kuhamishiwa chini badala ya ghorofani.

Misikiti nayo iangalie. Twazishukuru kamati zilizoweka viti katika safu. Lakini mzee hupitia mahali pa kutawadhia kabla hajafika safuni, na hapo ndipo panapoteleza. Kiti kimoja imara mbele ya bomba, kishikizo ukutani na njia ya mteremko kando ya ngazi ni sadaka inayoendelea kwa miaka mingi.

Mzigo huu ni wa nani?

Tukisema familia, aghalabu twamaanisha mwanamke mmoja: binti asiyeolewa, au mke wa mtoto wa kiume. Ndiye ageuzaye, aogeshaye na akeshaye. Ndugu walioko Dubai, Muscat au London hutuma fedha na sauti za WhatsApp za kuuliza hali, na Mwenyezi Mungu awalipe. Lakini fedha haimgeuzi mgonjwa usiku wa manane. Ndugu wa kiume walioko karibu washike zamu. Walioko mbali walipe msaidizi na nauli za kliniki, kwa kuwa anayetoka Likoni akivuka na mgonjwa kivukoni kisha kupanda tuktuk mara mbili kwa juma hukatishwa tamaa na safari kabla ya kukatishwa na ugonjwa. Posho ya Inua Jamii ya shilingi 2,000 kwa mwezi, kwa walioandikishwa wenye miaka 70 na zaidi, haiwezi kuubeba mzigo huo peke yake. Familia iulize pia hospitalini ni huduma zipi zinazogharimiwa na SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF mwezi Oktoba 2024, na iwapo mgonjwa aliyebaki na ulemavu wa kudumu aweza kupimwa na kuandikishwa katika Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu.

Wala hatuwaahidi wasomaji kuwa kila mzee atatembea. Wako ambao ubongo umedhurika sana, au maradhi yamefika ukingoni. Kwa hao, utengamao una maana nyingine: kugeuzwa kila baada ya saa mbili ili ngozi isioze, kuketishwa penye dirisha, viungo kunyooshwa visikakamae, kulishwa bila kupaliwa, na kuzungumzwa nao kama watu wazima, hata kama jibu ni kubonyeza kidole tu. Hicho nacho ni kiwango cha uwezo, na kukilinda ni katika wema tulioamrishwa.

Tunawaomba wasomaji wetu waanze na jambo moja juma hili. Mwenye mzee nyumbani amuulize, kwa upole na bila haraka, ni kazi gani aliyokuwa akiifanya mwaka jana ambayo leo anafanyiwa, na iwapo angependa kuirudia. Jibu lake lipelekeni kliniki, mumkabidhi mtaalamu wa tiba ya viungo kama shabaha ya kazi yake. Mwenyezi Mungu awape wazee wetu afya na heshima, awape subira wanaowahudumia, na atujaalie nasi, siku zetu zitakapofika, tupate wa kutupa mabega yao. Amin.